Ahadi Itolewayo Chini ya Mlima

Katika maswali ya wema na ubaya yanayoweza kumkuta kijana, liko moja ambalo huonekana dogo mpaka litazamwe kwa karibu. Mtu huweka ahadi leo, akili yake ikiwa timamu na tumbo lake limeshiba. Kesho, mahali pengine, akili ile ile yamwambia kuwa ahadi aliyoiweka haikuwa na maana. Amsikilize nani, yule wa jana au yule wa leo? Wengi watajibu upesi kuwa wa leo ndiye ajuaye zaidi, kwa sababu ameona mengi zaidi. Mimi nasema kuwa pako mahali ambapo mtu wa jana ndiye mwenye haki ya kusikilizwa, na juu ya mlima mrefu ni mahali pamoja wapo.

Natutwae mfano. Vijana kumi na wawili, nusu wakazi wa Kibera na nusu wa Kawangware, wameazimia kupanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985. Batian, mita 5,199, ndicho kirefu kuliko vyote, na Nelion, mita 5,188, hukifuata. Lakini hivyo viwili hupandwa kwa kamba na ufundi wa kukwea miamba, ilhali Lenana hufikiwa kwa miguu na mtu mwenye afya aliyejitayarisha vema na kuongozwa na mwelekezi. Vijana hawa hawana fedha nyingi, lakini hawakukosa mahali pa kujizoezea. Wa Kawangware huvuka Barabara ya Ngong kwa miguu kuwafuata wenzao wa Kibera, badala ya kupanda matatu. Mtungi wa maji wa lita 20, ambao wengi wao wameubeba tangu utotoni, una uzito wa kilo 20, na mzigo wa mgongoni wa mpandaji aghalabu haufikii huo. Buti na makoti ya baridi huchaguliwa katika soko la Toi, ambako mwenye subira hupata kitu kizuri kilichovaliwa na mwingine mara chache tu. Jumamosi huenda vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake ni mita 2,460, wakavipanda na kuvishuka, kisha wakavipanda tena.

Hayo yote ni mema, nami sina la kuongeza ila kwamba buti zivaliwe mwezi mzima kabla ya safari, kwani kiatu kigeni ni adui wa kisigino. Lakini matayarisho hayo ni ya miguu na mapafu. Mlima hushambulia pia mahali ambapo mazoezi hayafiki.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Juu ya Lenana, kila pumzi humpa mtu oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile angaliipata akivuta pumzi Mombasa. Mwili waweza kuizoea hali hiyo, lakini wataka siku. Ndiyo maana waelekezi hawachoki kusema “polepole”, na desturi njema ni kwamba mtu akishapita mita 3,000, asilale usiku wa leo juu ya mahali alipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Katika njia ya Sirimon, kutoka kambi ya Old Moses, mita 3,300, hadi kambi ya Shipton, mita 4,200, mwendo wa siku moja huruka kiasi hicho. Kwa hiyo kundi lenye busara hutenga siku ya ziada. Siku ya ziada ina gharama yake, na wenye fedha chache ndio wanaoshawishika kuiondoa katika hesabu. Heri waiondoe nyama katika chakula.

Asiyezoea huanza kuumwa na kichwa, kisha kichefuchefu, na usingizi humkimbia. Ugonjwa ukizidi, ubongo huvimba. Mgonjwa hupepesuka kama mlevi, husema maneno yasiyofuatana, na kubwa kuliko yote, huweza kujiona yu mzima. Ujana haukingi. Mcheza mpira hodari aweza kuanguka, na karani asiyewahi kukimbia hata nyuma ya matatu asiguswe. Dawa iliyo kuu ni kushuka, na kushuka upesi, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Basi tazama mambo yanavyokuwa. Ni saa tisa ya usiku, upepo unakata masikio, kilele kimebakia mwendo wa saa mbili. Mwelekezi amwambia kijana mmoja, “Ndugu yangu, wewe sasa turudi.” Kijana ajibu, “Mimi sina neno.” Nani atahukumu baina yao? Mizani iliyoharibika haiwezi kutumika kujipima yenyewe. Neno “sina neno” limetoka katika kiungo kile kile kinachoshukiwa kuwa kimeugua. Kwa hiyo hukumu hii haina budi itolewe mapema, huku Nairobi, na kila mmoja atamke mbele ya wenzake: “Nikiambiwa nishuke nitashuka, hata nikijiona mzima.”

Atatokea msomaji aseme kuwa huku ni kujitia utumwani, na hoja yake si ya kudharauliwa. Mtu huru hutenda kwa akili yake, wala hamkabidhi mwingine akili hiyo. Lakini aliyeahidi ni nani? Ni yeye mwenyewe, wakati alipojua jambo ambalo huko juu hataweza kulijua, yaani kwamba akili yake inaweza kumdanganya. Zaidi ya hayo, ahadi hii ina mlango mmoja tu, nao ni wa kushuka. Hakuna mwelekezi wala rafiki awezaye kuitumia kumlazimisha mtu kupanda. Anayesema “nataka kurudi” asiulizwe sababu.

Mwezi Mei 2024, Mkenya Cheruiyot Kirui, mzoefu wa milima, alijaribu kuufikia mwisho wa Everest bila oksijeni ya chupa. Habari zilizotangazwa siku zile zilisema kwamba mwelekezi wake, Nawang Sherpa, alipeleka habari kambini kwa redio kuwa mwenzake amekuwa na hali isiyo ya kawaida, wala hataki kurudi wala kupokea oksijeni. Mwili wa Kirui ulionekana karibu sana na kilele. Nawang hakurejea. Sisemi haya ili kumshutumu marehemu, maana mahali pale pangeweza kuvuruga akili ya yeyote miongoni mwetu. Nayasema kwa sababu ya yule wa pili. Anayekataa kushuka hachezi na roho yake peke yake. Yuko mtu aliyefungwa kwake kwa kazi na kwa utu, asiyeweza kumwacha.

Yuko na wa mfano mwingine. Mswidi Göran Kropp alitoka kwao kwa baiskeli hadi Nepal, na mapema mwezi Mei 1996 akafika mita 100 hivi chini ya kilele cha Everest. Saa ilikuwa imekwisha kupita, akageuka. Siku chache baadaye dhoruba iliwaua watu wanane katika mlima ule. Tarehe 23 ya mwezi ule ule Kropp alipanda tena, akafika.

Lakini Kropp aliweza kurudi mlimani baada ya siku chache, na hapa ndipo mwiba ulipo kwa vijana wetu. Kijana wa Kawangware aliyeweka akiba ya vibarua mwaka mzima hatarudi mwezi huu, wala labda mwaka ujao. Nauli yake imechangwa kwa harambee: mama muuza mboga ametoa, fundi viatu ametoa, kanisa au msikiti umetoa. Wote wanangoja picha ya kilele katika simu zao. Tukimwambia kijana huyo kuwa kurudi si aibu, tumesema neno jepesi kwetu na zito kwake, kwa kuwa anabeba mgongoni mtaa mzima, na mzigo huo haukupimwa pamoja na mingine.

Kwa hiyo naona ahadi isitolewe na wapandaji peke yao. Siku ya mchango, kabla kikapu hakijapitishwa, kiongozi wa kundi asimame awaambie watu waziwazi kuwa fedha hizi ni za safari, si za kilele, na kwamba kati ya hawa kumi na wawili huenda watatu wakaishia kambini. Asiyeridhika abaki na shilingi yake. Vivyo hivyo kwa mwelekezi: bakshishi yake ipangwe na itiwe katika bahasha kabla ya kuondoka, iwe ile ile, vijana wakifika Lenana au wakirudi wakiwa hatua mia chini yake. Mtu mwenye watoto wanaongoja ada ya shule asiwekwe mahali ambapo neno “turudi” litampunguzia chakula chao.