Sikujua

Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12, na kwa muda mrefu tumbo lake halisemi kitu. Dalili huja mwishoni: kiwele hujaa, misuli ya shina la mkia hulegea, matone kama nta huganda kwenye chuchu. Hapa Dodoma nilimtwisha punda wangu madumu ya maji hadi siku alipozaa mtoto mfu njiani. Nikajitetea: "Sikujua." Kumbe kiwele kilikuwa kimejaa wiki nzima, mimi nilitazama madumu tu. Punda afe, mzigo ufike! Ndugu msomaji, asiyeweza kuona husamehewa. Asiyetaka kutazama, je? Siku hizi, kabla ya kumtwisha punda, huinama kwanza.