Mtoto wa Kolwezi na Msaada wa Mgeni

Mtu aishiye katika nchi isiyo yake, akiona watoto wenye taabu, moyo wake humsukuma kuwasaidia. Msukumo huo ni mwema, wala hapana mwenye akili atakayeulaumu. Lakini wema wa moyo haujajibu bado swali moja gumu: mgeni anapomshika mkono mtoto wa watu, anamshika kwa idhini ya nani, na anamtoa katika mkono wa nani?

Ni vigumu kupata mahali ambapo swali hilo lauma kuliko Kolwezi, katika mkoa wa Lualaba. Mji huo ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, kwa ajili ya shaba. Mwaka 1967 migodi ikawa mali ya serikali, na kampuni iliyoisimamia ikajulikana baadaye kwa jina la Gécamines. Kwa muda mrefu mfanyakazi wa kampuni alipata mshahara, na mtoto wake alipata shule na dawa. Kampuni ilipodhoofika katika miaka ya 1990, mambo hayo yalitoweka pamoja na nguvu zake. Kisha mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Wengi waliokuwa na kazi ya mshahara wakawa wachimbaji wa mkono, wakishuka shimoni kwa sururu na kamba. Watoto wakawafuata: wakaokota mawe katika mabaki ya migodi, wakayachambua, wakayaosha mtoni, wakabeba magunia. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto kama 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Mwaka huohuo watu wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, walianza kuchimba katika viwanja vyao wenyewe, hata chini ya sakafu za nyumba. Kobalti waliyoitafuta huingia katika betri za simu na za magari ulimwenguni kote.

Sheria ya Kongo humkataza asiyetimiza miaka 18 kufanya kazi ya migodini. Basi jambo laonekana rahisi: mtoto atolewe, apelekwe shule. Lakini faranga chache aletazo mtoto jioni ndizo zinunuazo unga wa bukari. Amtoaye mtoto mtoni amepunguza chakula cha nyumba, na mara nyingi yeye mwenyewe hayupo chungu kinapotelekwa.

Mwaka 2012 Masista wa Mchungaji Mwema walianza utume wao Kolwezi, wakiongozwa na Sista Catherine Mutindi, mtawa kutoka Kenya. Naye alikuwa mgeni. Kiswahili alichokuja nacho hakikuwa kile cha Kolwezi, na mashimo yale hayakuwa ya nchi yake. Hata hivyo kazi hiyo haikukomea kwa mtoto peke yake. Watoto walifunguliwa darasa lisilodai ada, wapate kuyafuata masomo waliyoyakosa na kupata chakula hapohapo. Na pamoja na hayo akina mama wakafundishwa ushonaji, familia zikasaidiwa kulima, watu wazima wakaelezwa haki zao mbele ya sheria. Mtu aweza kudhani kwamba cherehani na mbegu za mahindi ni nyongeza tu ya kazi iliyo kubwa zaidi. Sivyo. Bila ya hizo, darasa lingekuwa limemwibia mama msaidizi wake bila kumlipa.

Hapa mtu mnyofu atapinga, na kupinga kwake kuna haki. Shamba halizai kwa siku moja, na mtoto yumo majini leo. Je, kungojea mama apate njia nyingine si uoga uliovikwa joho la busara? Jibu lipatikane katika mfano wa Msamaria mwema, ambao wasomaji wengi hudhani wanaujua. Yule Msamaria alikuwa msafiri, katika nchi ya watu waliomdharau. Hakungoja, alimfunga majeraha palepale, kwa mafuta na divai yake. Lakini hakujidai kuwa mlezi wa daima. Alimpeleka majeruhi katika nyumba ya wageni, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akatoa dinari mbili, akaahidi kulipa upungufu atakaporudi. Wahubiri husimama sana kwenye mafuta na divai. Dinari na ile ahadi ya kurudi husomwa upesi upesi. Nazo ndizo zinazomgharimu mtu baada ya machozi kukauka.

Kwa sababu hiyo ziara za siku chache zataka kuangaliwa kwa ukali. Vijana wengi wa nchi tajiri hufika Afrika kwa majuma mawili au matatu, huwabeba watoto, hupigwa picha nao, kisha huondoka; na mtoto aliyekwisha kupotewa na watu wake hujifunza tena kuachwa. Rwanda, jirani ya Kongo, tangu mwaka 2012 imekuwa ikifunga nyumba za yatima na kuwarudisha watoto katika familia, maana wengi wao walikuwa na jamaa walio hai, ila hao walikuwa maskini. Wahenga walisema mgeni apewe jembe siku ya tatu. Walijua kwamba mgeni asiye na jembe hulishwa na mwenyeji, hata akiwa amekuja kusaidia.

Na jembe la Kolwezi mara nyingi halina sifa. Tangu Septemba 2019 serikali ya Kongo imetangaza elimu ya msingi kuwa bure katika shule zake, na watoto wakamiminika. Madarasa yakajaa kupita kiasi, na bado nyumba maskini yapaswa kutafuta sare na madaftari. Mgeni mwenye mwaka mmoja wa kukaa aweza kuandika hesabu za kikundi cha akina mama, au kumsaidia mwalimu mwenyeji kusahihisha mazoezi ya watoto 80, pasipo mtoto hata mmoja kulijua jina lake.