Deni la Ahadi

Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Neno hili ni kweli, lakini halikutaja mdeni ni nani wala mali itakayolipa. Aahidiye akiwa mtu mmoja, jambo ni wazi. Wakiwa wengi, mmoja hutoa ahadi, wa pili husafiri kwenda kuitimiza, wa tatu hupokea fedha. Chombo kikiharibika njiani, deni humwangukia nani?

Na tutazame yaliyotukia Marekani katika majira ya baridi ya mwaka 1959. Buddy Holly, mwimbaji na mpiga gitaa wa miaka 22, alikuwa safarini na wenzake, wakipiga muziki mji huu leo na mji mwingine kesho. Walichukuliwa kwa mabasi mabovu yasiyo na joto la kutosha. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari basi lilizimika barabarani katika jimbo la Wisconsin, katikati ya baridi kali. Mpiga ngoma wao, Carl Bunch, aliumizwa miguu na baridi hiyo hata akalazwa hospitali. Wenzake waliendelea na safari.

Tarehe 2 usiku walipiga muziki Clear Lake, Iowa. Siku ya pili yake walikuwa wakingojewa Moorhead, Minnesota. Holly, aliyechoshwa na basi, alikodi ndege ndogo ya abiria watatu. Waylon Jennings alimwachia nafasi yake J. P. Richardson, aliyekuwa mgonjwa wa mafua. Tommy Allsup na Ritchie Valens, kijana wa miaka 17, waliigombea nafasi ya mwisho kwa kurusha sarafu, na Valens akashinda. Yapata saa saba ya usiku ndege iliruka, na baada ya dakika chache ikaanguka. Abiria wote watatu walikufa pamoja na rubani, Roger Peterson. Jioni ya siku ile ile onyesho la Moorhead lilifanyika.

Wako wauonao huo kuwa uaminifu wa kupigiwa mfano. Siwadharau, maana aliyenunua tiketi kwa jasho lake ana haki yake. Wako pia wamlaumuo mtoa basi kama kwamba ndiye aliyeua. Hao wamepita kiasi: hapana aliyewalazimisha vijana wale kupanda ndege, wala si basi lililoiangusha. Lakini mtu achaguaye baina ya kuganda njiani na kuruka usiku katika hali mbaya ya hewa amepewa uchaguzi mwembamba, na aliyeufanya mwembamba hawezi kujitoa katika hesabu.

Kwa rai yangu, deni hulipwa kwa mali ya mdeni, si kwa mwili wa mjumbe wake. Auzaye ahadi ana wajibu wa kuipatia chombo cha kuifikisha. Akipunguza gharama ya basi hakupunguza deni. Amelihamisha tu kutoka mfukoni mwake hadi miguuni mwa mpiga ngoma. Basi likizimika, na aseme mwenyewe mbele ya watu kuwa onyesho halipo, kisha awarudishie fedha zao. Tendo hilo ni chungu, lakini nalo ni malipo.

Sisi tuketio ukumbini mbele ya jukwaa tupu tuna sehemu yetu pia. Yatupasa kuuliza kwanza kama tunaowangoja wako salama, ndipo tuulize habari ya tiketi. Ahadi ni deni, naam. Lakini mdai muungwana humpa mdeni wake muda, na deni la wimbo laweza kungoja hata kesho.