Mgomo wa Watu wa Posta: Je, Una Maana Hata Leo?

Usiku mmoja baada ya darsa palizuka mjadala ambao hatukuutarajia. Tulikuwa katika mlango wa wadia, yaani mali anayowekeshwa mtu amtunzie mwenziwe, na mzee mmoja katika jamaa zetu, aliyewahi kukaa Uingereza miaka mingi, akatuuliza: Barua niliyomkabidhi mtu wa posta, je, si wadia? Na ikiwa ni wadia, imekuwaje nyumba yote ya posta ikauzwa, na wale waliogoma wakaonekana wakorofi? Kijana mmoja akamjibu kwa haraka kuwa mambo hayo yamekwisha. Posta imeuzwa, barua haziandikwi tena, na mgomo ulioshindwa hauna faida kuuzungumza. Basi tukaahidi kuliandika suala hili hapa, kwani twaona kijana wetu amekosea, ijapokuwa si kwa sababu zile wanazozitoa marafiki wa wagomaji.

Kwanza yataka msomaji afahamu ni kitu gani kilichouzwa. Sisi wa pwani tumezoea sanduku la posta: barua huja mjini, nawe huenda na ufunguo wako ukaitwaa. Kule sivyo. Kule tarishi huibeba hadi mlangoni, nyumba kwa nyumba, na bei ya stampu ni moja, barua iwe yavuka barabara tu au yaenda visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa, ambako hapafikiki ila kwa meli au ndege. Posta ya mfalme ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1635, na bei moja ya peni moja kwa nchi nzima ilianza mwaka 1840 kwa shauri la Rowland Hill. Maana yake ni kuwa mtu wa mjini, ambaye barua yake haina gharama kubwa, humchangia mtu wa kisiwani asiyemjua wala hatamwona maishani. Mfikirie tarishi avukaye bahari mpaka Faza na barua moja mkononi, akaipeleka hadi barazani kwa mwenyewe! Mfanyabiashara akitazama faida peke yake hawezi kuitoa ahadi kama hiyo.

Ahadi hiyo ndiyo iliyopelekwa sokoni. Simu zilitengwa na posta mwaka 1981, na mwaka 1984 zaidi ya nusu ya hisa za shirika la simu ziliuzwa. Posta yenyewe ilichelewa. Mwaka 2009 serikali ilitaka kuuza sehemu yake, ikarudi nyuma; kisha Oktoba 2013 ikauza asilimia 60 ya Royal Mail, na asilimia 10 nyingine ikawagawia wafanyakazi bure. Hisa moja iliuzwa kwa peni 330, na jua halijatua siku ya kwanza ikawa yafikia peni 455. Wakaguzi wa hesabu za dola walisema mwaka 2014 kuwa serikali ilizidi kuogopa katika kuipanga bei, na umma ukapata kidogo kuliko ulivyostahili. Hisa zilizobaki ziliuzwa mwaka 2015. Mwaka 2025 posta yote ikaingia mikononi mwa kampuni ya tajiri mmoja wa Ucheki, Daniel Křetínský, kwa thamani ya pauni bilioni 3.6 hivi.

Na wafanyakazi je? Katika kura ya maoni iliyopigwa na chama chao Juni 2013, asilimia 96 ya waliopiga kura waliikataa biashara hiyo. Hisa za bure walizichukua baadaye, na wako waliowacheka kwa hilo. Sisi hatuwacheki. Mtu akiuziwa nyumba aliyozaliwa, kisha akapewa mlango wake mmoja, kuupokea mlango si kuridhia kuuzwa kwa nyumba.

Sasa twaja kwenye shutuma kubwa, nayo ndiyo iliyoukata mjadala wetu usiku ule. Watu husema: hawa waligomea matumbo yao. Tazameni madai yao ya mgomo. Hamuoni neno la Shetland wala la mnyonge aishiye mbali. Mwaona mishahara, mwaona pensheni, mwaona saa za kazi. Basi wana haki gani ya kujiita walinzi wa amana?

Jibu la shutuma hii limo katika hukumu moja ya mwaka 1983, na twawaomba wasomaji waisome kwa utulivu. Zama zile serikali ya Uingereza iliipa kampuni iitwayo Mercury ruhusa ya kushindana na shirika la simu, na yenyewe ikawa mbioni kuliuza shirika hilo. Mafundi waliokuwa wa posta tangu zamani walikataa kuziunganisha nyaya za Mercury na nyaya za shirika. Kampuni ikaenda mahakamani. Sheria ya nchi ile humlinda mgomaji iwapo ugomvi wake na mwajiri ni wa kazi: ujira, masharti, kufukuzwa. Mahakama ya Rufani ikaona kuwa shina la ugomvi ule lilikuwa kupinga siasa ya serikali, na khofu ya kupoteza kazi haikuwa ndiyo iliyowasukuma zaidi. Kwa hivyo hawakuwa na ngao. Angalieni ajabu iliyoje! Lau wangalilia matumbo yao, wangalikuwa ndani ya sheria. Walipolilia kitu cha umma, wakatoka nje.

Tangu hapo kila chama cha wafanyakazi kule kilijua namna ya kusema. Oktoba 2013 watu wa posta walipiga kura ya kugoma, na asilimia 78 wakakubali; lakini kura hiyo ilikuwa juu ya ujira, pensheni na masharti ya kazi, na matokeo yalitangazwa hisa zikiwa zimekwisha kuuzwa. Siku ya mgomo iliwekwa tarehe 4 Novemba, kisha ikaahirishwa ili watu wazungumze, na mapema mwaka 2014 kukawa na mapatano yenye nguvu ya sheria, yaliyozuia mwenye mali mpya asiwageuze matarishi kuwa vibarua wa saa chache. Basi msikiaji wa mbali alisikia sauti ya tumbo tu. Ni kama mtu aliyekatazwa kulitaja jina la mgonjwa wake, akawa kila siku aulizia bei ya dawa, nasi tukasema: huyu hana ila pesa.

Hatudai kuwa matarishi wote walikuwa mawalii. Bila shaka wengi walitaka mshahara, na kutaka mshahara wa halali si aibu. Wala hatusemi kuwa Bunge lilipora. Fiqhi yatuambia kuwa aliyewekeshwa mali hana ruhusa ya kumpa mwingine bila ya idhini ya mwenyewe. Lakini Bunge ni wakili wa watu, nalo liliipitisha sheria ya kuuza mwaka 2011. Tunachokikataa ni ule upesi wa kumhukumu mtu kwa maneno ambayo sheria haikumwachia mengineyo.

Kijana wetu alikuwa na hoja ya pili, yenye uzito zaidi. Alisema barua zimekufa kwa simu za mkononi, na muuzaji wala mnunuzi hana kosa. Kwa insafu, hili lina ukweli mwingi. Uingereza ilipeleka barua karibu bilioni 20 kwa mwaka katika miaka ya 2004 na 2005. Ilipofika 2024 hazikufika bilioni 7. Na Denmark, ambako posta ni mali ya serikali mbili, yake na ya Sweden, shirika lenyewe liliacha kabisa kupeleka barua mwishoni mwa 2025, baada ya miaka 401. Kwa hivyo asemaye kuwa kuuzwa peke yake ndiko kulikoiua barua ahesabu tena.

Walakini barua chache si barua za upuuzi. Zilizobaki ni za hospitali, za mahakama, za benki, na za wazee wasiotumia simu. Stampu ya daraja la kwanza iliyokuwa peni 60 mwaka 2013 ilifika peni 170 mwaka 2025, na mwaka huo huo msimamizi wa posta akaruhusu barua za daraja la pili zipelekwe siku moja na kupitisha moja. Hapo ndipo mgomo unapokuwa na maana leo: ni ushahidi uliotolewa mapema. Shahidi hupoteza kesi, na maneno yake yakabaki katika daftari. Posta ilipouzwa tena mwaka 2025, serikali ilijiwekea hisa maalumu ya kulinda makao yake yasihamishwe, na mnunuzi akaahidi kuwapa wafanyakazi sehemu ya faida. Hatusemi kuwa masharti haya yaliletwa na wagomaji peke yao. Twasema hayakuwako mwaka 2013, na kati ya miaka hiyo watu hawakunyamaza.

Na sisi? Shirika letu la posta na simu liligawanywa mwaka 1999. Posta ikabaki ya serikali, na mwaka 2007 asilimia 51 ya Telkom ikauziwa kundi lililoongozwa na France Telecom. Hatukumbuki kuwa tulikaa usiku hata mmoja tukauliza ni ahadi gani iliyouzwa.

Limebaki jambo moja ambalo mzee wetu hakulipenda tulipolitaja. Mwaka 2022 watu wa posta waligoma siku 18, na baadhi ya siku hizo ziliangukia Desemba, barua zilipokuwa nyingi kuliko wakati wote. Katika magunia yale hapakosi barua ya mgonjwa aliyepangiwa siku ya kumwona daktari. Mgonjwa yule hakuuza kitu, wala hakununua hisa. Ikiwa barua ni wadia, basi aliyeichelewesha kwa kusudi, hata kwa ajili ya kuilinda posta, ana la kumjibu mwenyewe. Mzee alisema kuwa chama kilitoa khabari mapema, na kampuni ilikuwa na nafasi ya kuafikiana. Huenda ni kweli, na lawama yagawanyika. Lakini mgonjwa hagawanyiki, na juu ya hili darsa yetu haikuafikiana mpaka taa zikazimwa.