Kesho ya Mvuvi Kusikokuchwa Jua

Msafiri wa biashara akifika Tromsø, kaskazini ya Norwe, ambako tangu takriban tarehe 20 Mei hata 22 Julai jua halichwi, naye akaazimu kwenda kuvua baada ya kutimiza shughuli zake, hana budi kujiuliza: hiyo kesho aliyoinuia yaanzia wapi? Ndoana amekwisha zinoa, mshipi ameuzungusha kibaoni, na nahodha wameagana saa ya kung'oa nanga; walakini upepo si wake, samaki si wake, wala muda aliolipiwa na tajiri wake si wake ila kwa idhini, kwani ni amana. Nami naitakidi kwamba kutamka inshallah si kulivunja azimio, bali ni kulitia adabu: mja hupanga kwa bidii, kisha humsalimia amri Mola, Mwenye usiku na mchana, hata pale usiku usipoonekana.