Je, Amana Isiyoulizwa Yaweza Kuaminiwa?

Katika mitaa ya Manzese, Tandika na Mbagala akina mama wengi hucheza upatu. Kila mmoja hutoa fedha yake siku iliyopangwa, na fedha zote hushikwa na kijumbe. Huyo huchaguliwa kwa kuwa yajulikana ni mwaminifu. Hata hivyo, mchezaji akitaka kuliona daftari huonyeshwa, wala kijumbe hakasiriki. Siku atakapokataa kulifungua, minong'ono itaanza hata kama haikupotea senti moja. Kura ni amana iliyo kubwa kuliko fedha ya upatu. Je, anayeihesabu yampasa kuulizwa, au yatosha aseme tu kwamba yu mwaminifu?

Swali hili si geni Dar es Salaam. Tarehe 29 Oktoba 1995 ulifanyika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe mwaka 1992. Vifaa vilichelewa mno katika vituo vingi vya jiji hili, na Tume ikaufuta uchaguzi wa majimbo yote saba. Kukiri kasoro namna ile kulikuwa jambo jema. Lakini wapinzani walioomba uchaguzi wa nchi nzima ubatilishwe hawakufanikiwa mahakamani, na wagombea wao wa urais wakajitoa kabla ya marudio ya tarehe 19 Novemba. Daftari lilikuwa limefunguliwa nusu. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mdogo wa Temeke, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi alimshinda mgombea wa CCM, naye akatangazwa mshindi. Adaiye kwamba hapa nchini kura haijapata kuhesabiwa kwa haki hana budi kutueleza habari ya Temeke.

Huenda msomaji mwingine akasema kwamba kuwahoji wenye mamlaka huzaa fitina, na wajibu wetu ni kutii. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana amani ikivunjika wanaoumia kwanza si wakubwa. Lakini Sayyidna Abubakar r.a., alipochaguliwa kuwa Khalifa mwaka 632, imepokewa kwamba aliwataka watu wamsaidie akitenda mema na wamnyooshe akipotoka. Hakuona kwamba kuulizwa kwamvunjia heshima.

Tazama pia jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2007 waliopinga matokeo hawakwenda mahakamani, kwa kuwa hawakuiamini, na watu zaidi ya 1,000 wakauawa. Katiba ya 2010 ikaunda Mahakama ya Juu na kuipa siku 14 za kuamua shauri la urais. Mwaka 2013 walioshindwa walikwenda huko, wakashindwa tena, wakakubali. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo hiyo iliufuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Matatizo hayakwisha, kwani upinzani uliyasusia marudio. Lakini mlango wa kubisha ulikuwapo.

Kwetu, Katiba ya 1977, ibara ya 41(7), iliufunga mlango huo: Tume ikisha kumtangaza Rais, hakuna mahakama iwezayo kuuchunguza uchaguzi wake. Tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika, ikaagiza irekebishwe. Uchaguzi wa 2020 na wa 2025 ulifanyika ibara ikiwa vilevile. Mwaka 2024 sheria mpya iliiita Tume kuwa Huru. Jina ni jema, lakini kijumbe haaminiwi kwa kuitwa Amina.

Tarehe 29 Oktoba 2025, miaka 30 kamili baada ya ile siku ya vifaa kuchelewa, chama kikuu cha upinzani hakikuwamo katika karatasi za kura. Maandamano yalizuka, watu wakauawa, intaneti ikakatwa, na wakazi wa Dar es Salaam wakaamriwa kutotoka nje usiku. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Mwenye shaka hakuwa na pa kuipeleka. Na anayeamini kwamba ushindi ulikuwa wa haki, naye hakuwa na mahali pa kuithibitisha haki hiyo mbele ya anayemshuku.

Kwa maoni yetu, rekebisho la kwanza ni dogo kwa maandishi: kuiondoa ibara ndogo ya (7), na kuweka muda mfupi wa shauri kusikilizwa kabla Rais hajaapishwa.