Mwanangu, Utazame Ukuta Kwanza

Mwanangu, nimesikia umemaliza kuezeka, na sasa franka za rangi zinakuwasha mfukoni. Hongera. Kaa kwanza, unywe chai. Rangi haitakimbia sokoni.

Najua unataka nyumba ing'ae kabla ya harusi. Mimi pia nilikuwa na haraka hiyo. Nilijenga kwa matofali mabichi hapa hapa Kasongo, nikakandika sementi kwa nje, na kabla haijakauka nikaipaka rangi ya mafuta. Ulikuwa mwezi wa Novemba, mvua kila jioni. Wageni walisifu sana. Masika hayajaisha, ukuta ukatoa malengelenge, kisha rangi ikabanduka na sementi yake. Nikamlaumu mwenye duka. Kumbe mwenye duka aliniuzia rangi nzuri. Mimi ndiye sikuutazama ukuta.

Sikiliza basi. Tofali bichi hunywa maji. Huyanywa chini ardhini, na huyanywa mvua inapolipiga. Kiangazi kikija, huyatoa polepole kupitia uso wa ukuta. Ukiuziba uso huo kwa rangi ya mafuta, maji hukosa njia, yakaisukuma rangi mpaka itoke. Kwa hiyo nyumba ya udongo ipake kitu kinachopitisha unyevu: pemba, ule udongo mweupe waliotumia bibi zetu, au chokaa. Watu wa pwani waliokaa Kasongo na mfanyabiashara Tippu Tip, kabla askari wa Dhanis, kamanda wa Mfalme Leopold, hawajauteka mji Aprili 1893, walitoka kwenye kuta za mawe zilizopakwa chokaa. Huku walijenga kwa udongo, kama sisi. Chokaa na udongo havigombani.

Ila chokaa inataka subira. Kama ni ya mawe yaliyochomwa, tia chokaa ndani ya maji, usimwagie maji juu yake, maana huchemka na kuruka machoni. Ilaze usiku mzima. Ichuje kwa kitambaa. Ifanye nyepesi kama maziwa, utie na chumvi kidogo ishike. Lowesha ukuta, ndipo upake. Ikiwa mbichi utadhani hujapaka kitu, na hapo ndipo vijana huongeza nyingi. Usiongeze. Itakuwa nyeupe ikikauka. Mikono mitatu au minne myembamba, siku moja katikati, hukaa kuliko mkono mmoja mzito, ambao hugeuka unga na kuchafua nguo za kila anayeegemea.

Kama nyumba yako ni ya matofali ya kuchoma yaliyokandikwa sementi, hapo rangi ya maji ya dukani inafaa. Lakini ngoja kama mwezi mmoja. Sementi mbichi ina ukali unaokula rangi ya mafuta na kuigeuza kitu kama sabuni. Mwezi ukipita, anza na rangi ya msingi inayostahimili ukali huo. Usiiruke ili kuokoa fedha. Yenyewe haina urembo, lakini huuzuia ukuta usiinywe rangi yako ya ghali, na huipa mahali pa kushika. Baada yake mikono miwili inatosha.

Huna hakika kama ukuta umekauka? Bandika kipande cha plastiki jioni, uzibe kingo zake zote. Asubuhi ukikuta matone ndani, ngoja bado. Kisha pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga, sugua kwa brashi kwanza. Milango ya chuma uondoe kutu, uipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya nyingine. Na rangi kuukuu usiikwangue kavu watoto wakiwa karibu; nyingi za zamani zina risasi, na vumbi lake hudhuru akili ya mtoto. Ilowanishe, ukusanye mabaki, uyatupe mbali na kisima.

Udongo wetu ni mwekundu, nawe unaujua. Mvua ikianguka uani huurusha ukutani. Basi sehemu ya chini, karibu na goti, ipake rangi ya udongo wenyewe au nyeusi, usipoteze nyeupe yako pale. Na kabla ya yote, urefushe ukingo wa paa na uchimbe mfereji wa kuyaondoa maji. Hakuna ndoo ya rangi inayofanya kazi ya paa.

Dada yako aliye Kabambare analalamika kwamba ndoo humfikia na bei ya barabara juu yake. Nilimwambia kama ninavyokuambia: fedha ikiwa kidogo, usiinyunyize nyumba nzima. Chukua ukuta mmoja, ule unaopigwa na mvua, uumalize vizuri kuanzia rangi ya msingi hadi mkono wa mwisho. Kuta nyingine zipake pemba mpaka mwaka ujao. Hakuna aibu.

Anza kazi kati ya Juni na Agosti, mvua zikiwa zimetuacha. Harusi ikiwa kabla ya hapo, fagia uwanja, tandika mikeka, uwapokee wageni mbele ya ukuta wako usiopakwa. Wanakuja kula pilau na kukuombea dua. Hawaji kukagua rangi. Nakusihi, mwanangu, ngoja kiangazi.